Kupanda Mlima Elgon kwa Siku Kadhaa

SWALI: Mhariri, mimi na wenzangu tunakusudia kupanda Mlima Elgon kwa siku tatu hadi kilele cha Koitobos. Tuhofie baridi au uchovu? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, hofieni zaidi kimo, yaani ugonjwa unaoletwa na hewa nyepesi ya juu mlimani. Koitobos ina mita 4,222, nanyi mnatoka kando ya ziwa, kwenye mita zipatazo 1,130 tu. Kwa hiyo ongezeni siku ya nne, na mkishapita mita 3,000 msipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, asipande zaidi. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ateremshwe mara moja, hata usiku, na tafadhali kilele kisiwashawishi kuchelewa. Kuhusu baridi, bebeni nguo kavu za kulalia zenye joto. Langoni Chorlim, mnapoingilia hifadhi ya mlima huo, ombeni askari wa kuwasindikiza, kwani msituni mna nyati.