Kuvuta boti ya futi 28 kutoka Kunduchi hadi Mwanza

Mkuu, umeuliza kama Land Cruiser yako ya dizeli itaiweza boti ya faiba ya futi 28 yenye mashine mbili, Kunduchi hadi Mwanza. Injini isikusumbue kichwa. Nimesindikiza boti kadhaa njia hiyo. Gari kushindwa kuvuta sijaona, ila matela yanayoyumba na hab (vitovu vya magurudumu) zilizoungua nimeziona sana.

Boti ya mashine mbili tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ni nzito. Boti isipokaa mbele ya kutosha, ulimi wa tela (ncha ya mbele inayoshikana na gari) unakuwa mwepesi, na ukikaza mwendo tela linaanza kucheza kushoto kulia. Hapo usipige breki za ghafla wala usiongeze moto: achia pedali ya mafuta taratibu, usukani ushike umenyooka. Dawa yenyewe lakini ni kabla ya safari. Ulimi ubebe karibu asilimia 10 ya uzito wote, yaani tela na boti vikiwa tani 3, kilo 300 hivi. Azima mizani ya kupimia magunia kwa wanunuzi wa mazao, egemeza ulimi juu yake kwa kimo kile kile unapofungwa kwenye gari. Uzito huo ukipungua, sogeza nguzo ya winchi mbele, boti iifuate. Petroli punguza, maana lita 200 ni karibu kilo 150. Ngama nayo, sehemu ya chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, ikauke kabisa.

Boti ipandishe kwenye tela maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua (bahari inapojaa sana), usizame kwenye tope la chini. Ila tela likitoka barabarani na hab za moto, usilitumbukize hapo hapo: hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, inafyonza maji ya chumvi kupitia sili (mpira wa kuzuia maji). Subiri zipoe. Boti ikishapanda, fungua beringi zote, osha, pakia grisi mpya. Njiani, kila ukisimama gusa hab kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa, ikikuunguza fungua. Beringi na sili za spea beba mwenyewe. Kuzitafuta Manyoni saa mbili usiku ni mateso.

Waya wa winchi si wa kufungia safari. Omo, yaani mbele ya boti, ifunge kwa mnyororo, tezi kwa mikanda miwili inayovuta chini. Mashine ziinue uziwekee mhimili, kwa sababu matuta ya vijijini yataimaliza haidroliki ya kuziinulia.

Boti ikizidi upana unaoruhusiwa, kibali cha TANROADS (wakala wa barabara) kitangulie. Mizani za barabarani usizikwepe. Kwenye mteremko wa Sekenke weka gia ndogo ukiwa bado juu. Ukisubiri hadi kati ya mteremko, breki zitakuwa zishaanza kunuka.

Mwanza utashusha saa yoyote, ziwa halina kupwa na kujaa kwa bahari. Kizibo cha nyuma, cha tundu la kutolea maji ya boti, kirudishe kabla tela halijagusa maji.