Sikio Lako Halina Kosa: Safari Yangu ya Kutafuta Eafoni za Kukimbilia

Juzi usiku nilikuwa nimelala chali, miguu nimeiegemeza ukutani baada ya mbio ndefu, ukaingia ujumbe wa msomaji. "Dada, hii ni eafoni ya tatu nanunua mwaka huu. Zote zinachomoka nikianza tu kukimbia. Hivi masikio yangu yana kasoro?"

Nikaketi. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, na jibu nililopewa lilinikaa moyoni kwa miaka.

Nilikuwa nimerudisha eafoni dukani. Nikamweleza muuzaji kwamba hazikai, hasa ya kushoto. Akanitazama sikio, akacheka, akamwita mwenzake aje aone: "Huyu masikio yake hayashiki kitu." Wakacheka wote wawili, na wateja waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Niliondoka na zile zile nilizoleta, na kwa miaka minne niliamini kwamba tatizo ni mimi. Nilifunga kitambaa kichwani kuzibana. Nilibandika plasta. Kuna kipindi nilikimbia nikiwa nimeinamisha shingo upande wa kulia ili ya kushoto isianguke, mpaka bega likaanza kuuma. Leo najua kwamba yule muuzaji alikosea, na ningetamani mtu angeniambia siku ile ile.

Basi naandika kwa ajili yako uliyenitumia ujumbe, na kwa wengine wote mnaoamka kabla jua halijatoka, mnafunga raba, halafu mnapoteza kilomita ya kwanza mkihangaika na masikio.

Siku iliyoniumiza zaidi ilikuwa mbio zangu za kwanza za kilomita 21. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitano, na nyimbo zangu nilizipanga moja baada ya nyingine mpaka mstari wa mwisho. Kwenye kilomita ya 9, kwenye mteremko, nilipangusa jasho shavuni kwa kiganja, na kidole kikagusa eafoni ya kushoto. Ikachomoka. Ikadunda kwenye lami mara mbili, na raba ya mtu wa nyuma ikaikanyaga. Sikio la kushoto, lililobaki wazi, ndilo lililosikia ikipasuka: mlio mdogo, mkavu. Nikasimama na kugeuka, nikagongana na mkimbiaji mwingine, nikamwomba radhi. Kilomita 12 zilizobaki nilizikimbia na muziki sikio moja, hasira sikio la pili. Nilimaliza, lakini siku ile sikuifurahia, na hainirudii tena.

Baada ya hapo nikafanya kosa kubwa kuliko lile. Nikaamua kwamba dawa ya eafoni inayochomoka ni eafoni inayobana. Nikatafuta zenye vipira vikubwa, nikazisukuma ndani mpaka dunia yote ikanyamaza. Kweli hazikuanguka. Lakini kila hatua niliyokanyaga ilipiga ndani ya kichwa, du, du, du, na pumzi yangu niliisikia kama niko chini ya maji. Baadaye nilielewa sababu yake. Ukiziba tundu la sikio, mtikisiko unaopita kwenye mifupa yako unakosa pa kutokea, unarudi ndani na kuvuma. Mimi sikulijua hilo. Nikapandisha sauti ya muziki ili nisiusikie mshindo wa miguu yangu mwenyewe.

Miezi miwili haikupita, sikio la kulia likaanza kuwasha, kisha kuuma kila nikitafuna. Daktari alilimulika, akasema ngozi ya ndani imevimba na imeota uambukizo. Akaniuliza nakaa na eafoni muda gani, jasho likiwa humo. Nikamwambia. Akanieleza kwamba nta ya sikio si uchafu, ni kinga, na kwa kawaida hujitoa yenyewe kidogo kidogo. Mtu anayeziba tundu kila siku anairudisha ndani, na unyevu ukikaa humo vijidudu vinapata makazi. Nikapewa matone, nikakatazwa kuweka kitu chochote sikioni mpaka nipone. Wiki tatu. Nilikimbia wiki tatu bila muziki, na zilikuwa wiki ngumu. Nani hajui namna muziki unavyokuvusha pale mwili unapoanza kubembeleza ukae?

Ndani ya hizo wiki tatu ndipo nilipopata jibu, tena nyumbani, bila kununua chochote.

Nilikuwa napanga droo. Nikakuta maboksi yangu yote ya eafoni, na ndani ya kila moja kijifuko cha plastiki ambacho sikuwahi kukifungua. Vipira vya akiba. Vidogo, vya kati, vikubwa. Nikavimwaga kitandani, nikavipanga kwa ukubwa, nikasubiri nipone. Siku niliporuhusiwa nilisimama mbele ya kioo. Kipira cha kati sikio la kulia: kikakaa, kikatulia. Kipira cha kati sikio la kushoto: nikafungua mdomo kama napiga mwayo, na nikakiona kwa macho yangu kinatambaa kutoka nje, taratibu, kama mtu anayesukumwa mlangoni. Nikakitoa. Nikaweka kidogo. Nikapiga mwayo, nikatafuna hewa, nikatikisa kichwa, nikaruka ruka pale pale. Hakikusogea.

Masikio yangu hayalingani! Kushoto ndogo, kulia ya kati. Miaka minne nilikuwa nimevalisha masikio mawili tofauti kipimo kimoja, kisha nikajilaumu. Na watu wengi wako hivyo hivyo bila kujua. Hakuna anayeshangaa akiambiwa mguu wake mmoja umezidi mwingine kidogo. Kwa nini sikio liwe kasoro?

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni huo, na ukiniuliza wa pili nitakujibu huo huo: pima kila sikio peke yake. Usipime umekaa. Mtu aliyekaa kila eafoni inamkaa. Taya likitembea, tundu la sikio linabadilika umbo, na wewe ukikimbia unahema kwa mdomo, unameza maji, unamsalimia mtu. Ivae, kisha piga mwayo, tafuna, inama ufunge kamba za viatu, ruka mara hamsini. Ikikulazimisha kuigusa hata mara moja, siyo yako, hata ikisifiwa na dunia nzima.

Na jifunze kuivaa. Tundu la sikio halikunyooka, limepinda. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza eafoni, izungushe kidogo kuelekea nyuma, kisha achia. Ukiachia, ngozi yenyewe inaikumbatia. Wengi tunasukuma tu kwa kidole kama tunaziba chupa.

Kipira kidogo kuliko tundu hakizibi, na kisipoziba besi inapotea, muziki unakuwa mwembamba, nawe unapandisha sauti. Kikubwa kuliko tundu kinauma baada ya nusu saa. Silikoni ni rahisi kuosha ila jasho linaitelezesha. Sponji inashika vizuri zaidi kwa sababu inatanuka ndani ya sikio, lakini inakunywa jasho na inachakaa upesi. Mimi nabaki na silikoni, yenye kibawa kidogo cha mpira kinachojibana kwenye mkunjo wa sikio. Wenye masikio yasiyo na mkunjo mkubwa hupendelea kulabu inayopita juu ya sikio, ingawa ukivaa miwani vinagombania nafasi.

Za waya? Nilizitumia. Ukizivaa, pitisha waya nyuma ya sikio na uubane kwenye fulana kwa kibanio, la sivyo kila unaposugua nguo unasikia mkwaruzo. Nisingerudi huko. Za Bluetooth nazo sauti ikikatika katika usikimbilie kuzilaumu: mwili wako umejaa maji, na maji yanameza mawimbi yake. Hamishia simu mfuko wa upande wa pili au kwenye mkono, mara nyingi inaisha hapo.

Kuhusu jasho, tazama alama ya IP kwenye boksi, inayoonyesha kifaa kinavyostahimili vumbi na maji. Ile X katika IPX4 maana yake tu ni kwamba haikupimwa kwa vumbi, na tarakimu ya mwisho ni ya maji. 4 inastahimili matone kutoka kila upande, nayo inatosha mazoezi ya kawaida. 5 inavumilia maji yanayorushwa kwa bomba. 7 inaweza kuzama maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa maji matupu, na jasho lako lina chumvi. Ukimaliza mazoezi, zifute kwa kitambaa kikavu, ziache zikauke, ndipo uzirudishe kwenye kiboksi cha chaji. Niliwahi kufungia jasho humo kila siku mpaka vile vidoti vya chuma vya kuchajia vikaota kutu ya kijani na upande mmoja ukagoma kuchaji. Na vipira vioshwe. Sikio langu lililipa gharama ya kutooshwa kwake.

Sasa nije kwenye sauti, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa sina mzaha.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa usalama sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Ukifika 90 umebakiwa na kama saa 4 kwa wiki nzima. Sisi tunaojiandaa na mbio ndefu tunakimbia saa tano, sita kwa wiki. Hesabu mwenyewe. Vinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Utapata raba nyingine, utapata goti likatibiwa, lakini usikivu ulioondoka haurudi. Baadhi ya simu sasa zinakuonyesha kiwango cha sauti unachosikiliza. Fungua uone, usiogope kujua.

Na barabarani, acha masikio yako yasikie. Nilikoswakoswa na baiskeli asubuhi moja, nikiwa na zile eafoni zangu za kubana. Mwendeshaji alipiga kengele, akapiga kelele, mimi sikusikia kitu. Nilihisi upepo wake kwenye kiwiko. Aliposimama mbele yangu alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na nilimwona mdomo ukitembea bila sauti mpaka nilipochomoa eafoni. Tangu siku hiyo, nikikimbia barabarani navaa za kupitisha sauti kwenye mifupa. Zina utepe unaopita nyuma ya kichwa, zinakaa juu ya mfupa wa shavu mbele ya sikio, na tundu linabaki wazi kabisa. Mtikisiko unapita kwenye mfupa mpaka sikio la ndani bila kupitia ngoma ya sikio. Besi yake ni nyepesi, na ukipandisha sauti zinatekenya ngozi. Nimezizoea. Ila asikudanganye mtu kwamba hizo haziwezi kukudhuru. Sauti inaishia kwenye sikio la ndani lile lile. Za vipira nimeziachia jimu, ambako hakuna gari.

Kama unajiandaa na mashindano, soma kanuni za waandaaji mapema. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinahesabu simu, redio na vifaa vya aina hiyo kuwa msaada usioruhusiwa kwa mwanariadha ndani ya eneo la mashindano. Mbio nyingi za watu wote zina utaratibu wake, zingine huruhusu, zingine hapana. Fanya mazoezi ya siku moja kwa wiki bila kitu sikioni, usije ukanyang'anywa nyimbo ukajikuta hujui kukimbia na pumzi yako.

Jumamosi iliyopita nilirudia kilomita 21. Kwenye mteremko wa kilomita ya 9 nilipangusa jasho kwa kiganja kile kile, shavu lile lile, na hakuna kilichoanguka. Nilipita. Nilimaliza dakika 11 mapema kuliko mara ile, na kwa mara ya kwanza sikugusa sikio langu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nililia kidogo baada ya mstari, siwezi kuficha.

Nilimjibu yule msomaji usiku ule ule: fungua boksi, tafuta kijifuko cha vipira, anza na sikio la kushoto. Leo asubuhi amenijibu kwamba maboksi yote alishayatupa, na kijifuko kimo humo. Nimemwambia vipira vinauzwa peke yake, atafute seti yenye saizi zote tatu, na kabla hajalipa ahakikishe shingo ya kipira, pale kinapovikwa kwenye eafoni, inalingana na eafoni aliyonayo, maana kuna shingo za duara na za umbo la yai. Ameniahidi kupima Jumapili, kabla ya kukimbia.