Kwa mnaoandika kursovaya (insha ya kozi) ya kifaru T-34, acheni kucheka mishono ya kuchomelea

Wiki hii nimepitia kursovaya nne za wadogo zetu wa mwaka wa pili, na zote zimetumbukia shimo lile lile lililonimeza mimi nikisoma Volgograd, Urusi, mji ulioitwa Stalingrad wakati wa vita. Mbili zinadai T-34, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia, kilikuwa bora duniani. Mbili zinadai kilikuwa bati tu, na zinacheka mishono yake. Haya, vuteni viti.

1. Taja mwaka na kiwanda. Cha Stalingrad cha 1942 kina magurudumu yenye ukingo wa chuma kwa sababu mpira uliadimika. Vya mwanzo vya Gorky vilifungwa injini za petroli kwa kuwa injini zake za dizeli, aina ya V-2, hazikutosha. Cha Kharkov ndicho kiwanda kilichopakiwa kwenye treni mwaka 1941, mashine na mafundi, hadi Nizhny Tagil. Ukivitia vyote kwenye jedwali moja, profesa atakurudishia kabla chai yake haijapoa.

2. Ubovu wa sura si ubovu wa kazi. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa praktika (mafunzo ya kazi), karakana moja nje ya mji. Nikapewa tangi la mafuta la lori, bado halijafunikwa, nichomelee ubavu mmoja. Mshono ukatoka kama njia ya konokono mlevi. Nikachukua grinda, nikausugua mpaka ukang'aa, nikapiga rangi ya kijivu. Nikalipiga na picha, nikamtumia mama.

Fundi mkuu, mzee wa maneno machache, hakusema kitu. Alipaka maji ya chaki upande wa nje, akangoja yakauke. Upande wa ndani akapaka mafuta ya taa, akatoka kuvuta sigara. Aliporudi, ile chaki nyeupe ilikuwa imeota madoa. Akaniambia niyahesabu kwa sauti, mbele ya karakana nzima. Odin, dva, tri… Yalikuwa saba. Mpaka leo nikifika saba kwa Kirusi masikio yanapata moto.

Jumapili akanipeleka kwenye mmoja wa ile minara 17 ya T-34 (sehemu ya juu ya kifaru yenye mzinga) iliyowekwa juu ya mawe kuonyesha mstari wa ulinzi wa mji. Akaniamuru nipitishe kiganja. Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na vinundu, mikwaruzo, na alama ya kalibu ambayo hakuna aliyehangaika kuikata.

"Hawa hawakuwa na muda wa kusugua," akasema. "Wewe ulikuwa nao, ukautumia kuficha."

Basi mnapocheka vinundu, mnapitwa na ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa kwenye ea klina, kichujio cha hewa ya injini: kifaru kilichopelekwa Aberdeen, Marekani, mwaka 1942 kilitembea kilomita 343 tu, injini ikafa kwa vumbi. Ulikuwa kwenye chuma chenyewe, kigumu mno kiasi cha kupasuka, hata miili mingine ikatoka kiwandani na nyufa. Na kwenye giaboksi ya gia nne, ambayo madereva waliibembeleza kwa nyundo. Huku mwaka huo huo vikitoka zaidi ya 12,000! Andikeni hayo.

3. Someni kuhusu mhandisi Paton na mashine zake za kuchomelea vifaru, mshono ukiwa umefunikwa na unga. Litatoka kwenye bilet (karatasi ya maswali ya mtihani).

4. Mwenzenu mmoja ameingiza gari la Kirusi, Lada Granta ya 2022, na nimempa alama kwa ujasiri. Mei serikali ililegeza masharti, Juni kiwanda cha Lada mjini Togliatti kikaanza kutoa gari lisilo na mifuko ya hewa wala ABS (breki zisizoacha magurudumu yakwame), maana vikwazo vilikata vipuri vya nje. Angalau mnunuzi aliijua kasoro kabla ya kulipa, ingawa hilo halitamsaidia kifua akigonga nguzo.

5. Zachotka (vitabu vya alama) msiziache obshaga (bwenini) siku ya mtihani. Kila mwaka nasema.

Lile tangi nililikata mshono wote, nikaanza upya, siku mbili. Ile picha mama aliitia fremu, iko sebuleni hadi leo, na kila mgeni huonyeshwa. Sijamwambia.