Hilary Ng'weno na sanduku la bati la baba

Swali lenu la wiki hii, "Ni mwanahabari gani aliyebadilisha jinsi unavyosoma habari?", limenirudisha kwenye sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha baba yangu, Nakuru. Lilijaa matoleo ya jarida la siasa la The Weekly Review, pini zimeshika kutu, kurasa zimeliwa pembeni na mende. Jibu langu ni mwanzilishi wake, Hilary Ng'weno wa Kenya.

Baba alikuwa karani. Jioni aliketi nje na jarida lake, nyanya yangu pembeni akikatakata sukuma wiki. Jarida lilikuwa la Kiingereza, na nyanya Kiingereza hakukijua, kwa hiyo baba alisoma aya moja kimoyomoyo kisha akamweleza kwa Kiswahili. Nyanya hakumruhusu asonge mbele kabla hajauliza: "Aliyesema hivyo ni nani? Na ni mtu wa nani?" Mara nyingi jibu lilikuwa humo humo: mbunge huyu alimwangusha nani uchaguzi uliopita, nani alimshika mkono akaingia chamani, wamekosania wapi. Magazeti ya kila siku yalituambia waziri amehutubia mkutano. Ng'weno alitwambia kwa nini ameuhutubia huko, na kwa nini wiki hiyo.

Mtu mwenyewe alisomea fizikia Harvard, Marekani, akarudi nyumbani akaingia kwenye uandishi. Hakuwa amefika miaka 30 alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Nation. Angeweza kustarehe huko, lakini aliondoka. Mwaka 1973 alianzisha jarida la vichekesho, Joe, pamoja na mchoraji Terry Hirst, na Februari 1975 akatoa The Weekly Review.

Tazama alivyoanza. Jarida halijatimiza hata mwezi, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyeikosoa serikali waziwazi, akauawa, mwili wake ukapatikana Ngong. Nchi nzima ilinong'ona. Jarida changa, lisilo na tajiri wa kulikingia kifua, lililiandika jambo hilo likiwa bado la moto. Baba aliyafunga matoleo ya miezi ile kwa kamba ya katani, akayaweka chini kabisa ya sanduku.

Mwaka 1977 akaongeza gazeti, The Nairobi Times. Hapo ndipo napata uchungu kila nikikumbuka. Gazeti linakula karatasi, wino, mishahara na magari ya kusambaza, na pesa za mauzo hazitoshi. Bila matangazo, halisimami. Nchi ambayo mwenye matangazo mengi ni serikali na mashirika yake, mchapishaji wa kujitegemea ana kitanzi shingoni. Mwaka 1983 aliliuza kwa chama tawala, KANU, likawa Kenya Times. Alilolizaa kwa jasho lake likageuka kipaza sauti cha chama.

Wapo wanaosema The Weekly Review nalo lililegea baadaye, kwamba enzi za Rais Moi lilipima maneno mno, na vyama vingi viliporudi wasomaji wakakimbilia majarida yenye ukali zaidi. Baba alikuwa mmoja wao. Sandukuni matoleo ya miaka ya tisini ni ya kuhesabu. Siwezi kuwapinga. Lakini kulitoa jarida karibu kila wiki tangu 1975 hadi 1999, likiwa na maelezo ambayo watafiti wa siasa zetu wanayarejelea mpaka leo, ni kazi ambayo wakali wengi hawakuweza kuifanya hata kwa miaka mitano. Mimi ningechukua jarida linalopima maneno na kubaki mezani, kuliko lile la moto linalozimwa mwezi wa tatu.

Alifariki Julai 2021, akiwa na miaka 83, baada ya kutumia miaka yake ya baadaye kutengeneza vipindi vya runinga kuhusu historia ya Kenya. Wiki ile nililifungua sanduku, nikayapanga matoleo yote sakafuni kwa tarehe. Ya mwaka 1982 hayamo. Jirani aliyaazima baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti na hakuyarudisha. Kama kuna msomaji aliyeyahifadhi, naomba aniruhusu niyapige picha, ukurasa kwa ukurasa.