Majina ya Miji ya Uingereza: Anza na Umbo la Kale

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nami nataka kuyajua majina ya miji ya Uingereza kama wewe. Nianzie wapi?" Nimefurahi mno. Nilipoanza mimi, mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya darasa zima kwamba hayo ni mambo ya Waingereza, niwaachie wenyewe. Neno lile linaniuma hadi leo. Lakini sikuacha, na sasa watu wananitafuta niwaeleze.

Jibu langu: usilifasiri jina kwa tahajia ya leo. Tafuta kwanza lilivyoandikwa zamani. Chukua Cambridge. Ukiuliza, utaambiwa ni daraja la mto Cam. Kumbe mto wenyewe uliitwa Granta, na mji ukaandikwa Grantebrycge, yaani daraja la Granta. Matamshi yakageuka karne hadi karne mpaka tukaifikia Cambridge, ndipo mto nao ukapewa jina la Cam kutokana na mji. Mji ndio uliouzaa mto! Nani angeligundua hilo kwa kukodolea macho ramani ya leo?

Nottingham ni hivyo hivyo. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, yaani rejista ya ardhi na mali za Uingereza, kinaiandika Snotingeham: makazi ya watu wa Snot. Ile S ikadondoka baada ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, kuingia. Birmingham nayo ni makazi ya watu wa Beorma. Ila usikimbilie kusema kila "ham" ni makazi. Ya Evesham inatokana na hamm, ardhi iliyo kwenye kona ya mto, na kweli mto Avon umeuzunguka mji huo karibu pande zote. Ndiyo maana nasisitiza: umbo la kale kwanza.

Ndugu zangu, najua mnataka kuwa wafasiri na walimu wa Kiingereza wa kutegemewa. Basi msikubali kuambiwa elimu fulani si yenu. Mwenye kuisomea ndiye mwenyewe. Acheni kukisia, someni. Chama cha wataalamu wa majina ya mahali wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1923, na huchapisha vitabu kaunti kwa kaunti, vikionyesha kila jina lilivyoandikwa enzi baada ya enzi. Chagua kaunti moja, shika daftari, uanze na umbo la kale.