Bata wangu hawasimami, niongeze dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilitotolesha kwa mashine; mayai ya bata niliyatanguliza siku saba ili watoke pamoja na wa kuku. Nimepata bata 11 na kuku 26, wote boksi moja, chini magazeti, juu taa. Leo siku ya tisa. Bata wawili miguu imetanuka huku na huku tangu walipotoka, hawasimami. Wa tatu alikuwa mzima, juzi akaanza kuchechemea na goti limevimba. Kuku wanne wameziba nyuma kwa kinyesi. Nimewapa antibayotiki ya OTC siku nne, sioni nafuu. Niongeze dozi? (Mfugaji, Kibaha)

JIBU: Marahaba. Usiongeze, acha. OTC inapambana na bakteria, na kwa maelezo yako hapa kuna matatizo matatu tofauti. Mawili ya miguu hayana bakteria hata mmoja.

Hao wawili wa kwanza wameponzwa na magazeti. Kifaranga mbichi akikanyaga karatasi, mguu unateleza, na nyonga inazoea kukaa hivyo. Toa magazeti leo, weka maranda au gunia lililofuliwa. Kisha kata plasta upana wa sentimita moja, zungushia kila mguu chini ya goti, acha katikati kipande kinachofanya miguu ikae sawasawa chini ya mwili. Kwa kuku wa siku moja ni kama sentimita mbili, kwa bata wako ongeza kidogo. Kipande cha katikati kikunje gundi kwa gundi isishike manyoya. Angalia kila siku kama haibani, fungua baada ya siku tatu au nne. Nisikudanganye: kazi hii hufanywa siku ya kwanza au ya pili. Siku ya tisa jaribu, ila usitegemee sana.

Huyo wa tatu ndiye ananihangaisha, maana wenzake watamfuata. Bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko kuku, na chakula cha vifaranga cha dukani kimepimwa kwa kuku. Ikipungua, magoti huvimba, miguu hupinda kama upinde, bata anabaki amekaa. Tafuta hamira ya bia ya unga, ile isiyo hai: kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe cha chakula, kwa bata wote. Hamira ya maandazi usiwape, itachachukia tumboni. Ukikosa, vidonge vya niasini vya duka la dawa: miligramu 100 hadi 150 kwa lita nne za maji, ubadilishe kila siku. Mapema hivi, mara nyingi wanasimama ndani ya siku chache. Ila mshipa wa nyuma ya goti ukishachomoka mahali pake, vitamini hairudishi.

Kuku walioziba, lowanisha kwa pamba na maji ya vuguvugu mpaka kinyesi kilainike chenyewe, ukaushe, upake vaselini kidogo. Usivute! Na ukitotolesha tena, hakikisha unachosafisha ni nyuma, chini ya mkia. Kile kikonyo kikavu katikati ya tumbo ni kitovu. Nimeona watu wakiking'oa wakidhani ni uchafu, utumbo ukafuata. Kitovu kibichi kipake ayodini, basi.

Kuziba huko mara nyingi ni joto. Wakirundikana chini ya taa wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, inawachoma. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama tatu kila wiki. Na tenganisha bata na kuku leo hii. Bata humwaga maji, kuku wanalala kwenye unyevu, ndiyo baridi yenyewe. Chombo cha bata kiwe na kina cha kuzamisha pua, si mwili: wa mashine hawakupakwa mafuta na mama yao, wakilowa wanakufa.

Kuku wakianza kufa mfululizo na kinyesi cheupe kama chokaa, hapo ni habari nyingine. Peleka wawili waliokufa siku hiyohiyo maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Temeke, ndani ya mfuko juu ya barafu. Usiwagandishe kwenye friza.