Barua kwa mwanangu: Warumi walikuwa wakipigwa pia

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeniuliza iliwezekanaje mji mmoja wa kando ya mto Tiber ukaja kuitawala pwani yote ya Bahari ya Mediteranea, na kwamba mwenzako kazini anashikilia kuwa ni kwa sababu askari wa Roma hawakuwa na mpinzani.

Mwambie ahesabu vipigo walivyokula. Mfalme Pyrrhus wa Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, aliwashinda mwaka 280 K.K., akarudia mwaka uliofuata. Katika vita vya kwanza na Kartago, dola ya Afrika Kaskazini, dhoruba zilizamisha meli zao kwa mamia; wakaunda nyingine. Kisha Cannae, kusini mwa Italia, mwaka 216 K.K.: Hannibal, jemadari wa Kartago, aliwazingira, na kufika jioni Warumi na washirika wao wapatao 50,000 walikuwa wamelala chini, wamekufa. Dola nyingine ingetafuta suluhu. Roma haikutaka hata kumsikiliza mjumbe wa Hannibal, na askari wake yenyewe waliotekwa ikakataa kuwakomboa.

Jeuri hiyo ilitoka wapi? Rudi nyuma hadi 338 K.K., Warumi walipowashinda majirani zao Walatini. Wengine waliwapa uraia kamili, wengine uraia usio na kura, wengine wakaachiwa miji na sheria zao kama washirika. Washirika hawakutozwa kodi, walidaiwa askari. Mpango huo ukaenea Italia nzima. Ulikuwa kama upatu, ila unachangia vijana badala ya fedha, na mshika daftari habadiliki. Mshirika alipata fungu lake la nyara, pengine na ardhi. Lakini angalia: mwaka usio na vita, Roma haikuvuna chochote kwa washirika hao. Mimi naona tamaa yao ya vita ilianzia hapo hasa, kuliko kwenye ushujaa wanaotusimulia.

Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaandika kwamba mwaka 225 K.K. Roma na washirika wake wangeweza kuita watu zaidi ya 700,000. Hannibal alijua hesabu ilivyo, ndiyo maana alitaka kuwatenga washirika na Roma. Mji wa Capua ulimfuata, na miji mingi ya kusini mwa Italia. Walatini hawakumfuata. Alizunguka Italia miaka kama 15 bila kuuvunja mfumo huo, hadi alipoitwa nyumbani na kushindwa huko Zama, Afrika Kaskazini, 202 K.K.

Usidhani nawasifu. Mwaka 167 K.K. waliuza utumwani watu 150,000 wa Epirus, na mwaka 146 K.K. wakaiteketeza Kartago na Korintho. Nje ya Italia hapakuwa na ushirika wa namna ile: palikuwa na magavana na kodi, kama Sicily ilivyotoa sehemu ya kumi ya nafaka yake.

Mwaka huohuo wa 167 raia wa Roma waliacha kutozwa kodi ya mali, kwa kuwa utajiri walioupora Makedonia, ufalme wa kaskazini mwa Ugiriki, ulitosha. Washirika, ambao walikuwa nusu ya jeshi au zaidi, waliendelea kuzika vijana wao bila kuwa na kura. Mwaka 91 K.K. wengi wao wakashika silaha dhidi ya Roma, na mwaka uliofuata, vita vikiwa bado vinawaka, Roma ikapitisha sheria ya kuwapa uraia wale waliobaki waaminifu. Waasi nao wakaupata baadaye. Kupigana na jeshi lako mwenyewe kuna mwisho wake.

Nijibu akisema lolote.

Baba yako